Hesabu ya Mzee wa Geti

Siku niliyofika Kampala, mkono wa kwanza kunipokea ulikuwa wake, na ulipokea begi, haukunipokea mimi. Nilikuwa nimesafiri siku tatu kutoka Sumbawanga, miguu imevimba, na njiani nilikuwa nimejiandalia tabasamu la mtu aliyetumwa na Kanisa. Alifungua kidirisha cha geti, akalitazama lile tabasamu bila kulijibu, akasema, "Jina kwanza. Salamu baadaye."

Nikamtajia jina. Akaliandika kwenye daftari, kisha akaniuliza tena, kana kwamba huenda limebadilika wakati anaandika. Aliponiingiza aliweka begi langu juu ya benchi na kutoa kitu kimoja kimoja: khanga, sabuni, viatu vya mvua, kifuko cha unga wa ulezi niliofungiwa na mama mdogo. Unga akaunusa. Biblia akaishika mgongoni, akaitikisa kurasa zikining'inia. Ikaanguka picha ya watoto watatu waliosimama mbele ya mlango wa bluu. Niliiwahi kabla hajaiokota.

"Hawa nani?"

"Watoto wa jirani," nikasema.

Alikuwa na macho mekundu kidogo, ya mtu aliyekesha zamu nyingi. Aliniangalia nayo kwa muda, akasema, "Kale," neno la Kiganda ambalo watu wa pale hulitumia kwa maana ya sawa. Yeye alilitumia zaidi kwa maana ya tutaona. Ile salamu ya baadaye sikuipata siku hiyo, wala kesho yake. Nilikaa pale miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuwahi kunipa mkono.

Majirani walimwita Afande, kwa sababu alikuwa askari magereza mstaafu. Sisi tulimwita Mzee. Kwa kuwa yeye hakushika jina la mtu yeyote aliloliandika, alituita kwa nchi zetu: Kongo, Kenya, Polandi. Mimi nilikuwa Tanzania. Alizaliwa wapi na kwa nani sikujua, na waliojaribu kumuuliza waliambiwa hilo swali ni la polisi.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya Nateete, mahali ambapo kelele za soko zinafika lakini harufu yake inaishia njiani. Tulikuwa sita, walei Wakatoliki wa kujitolea, tumetumwa kwa miaka miwili. Kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tulisali, tukanywa chai, tukafua, kisha tukatoka wawili wawili: wengine kwenye shule ya chekechea ya parokia, wengine kwa wagonjwa wa mitaani, wengine hospitali ya Mulago, ambako tuliwalisha na kuwaosha wagonjwa wasio na ndugu. Mchana ulikuwa posho, yaani ugali, na maharage. Jioni rozari. Watu wa kwetu walidhani nimekwenda kuhubiri. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilihubiri mara chache sana, lakini nilijua kubadilisha shuka bila kumwinua mgonjwa.

Kila aliyetoka aliandikwa na Mzee: anakwenda wapi, na nani, kavaa nini. Kila aliyerudi alitazamwa viatu. Mwanzoni nilifikiri anajali usafi. Siku moja Mkenya wetu alirudi akasema ametoka Mulago kwa wagonjwa. Mzee akainama, akakwangua soli ya kiatu chake kwa ufunguo.

"Hii tope si ya Mulago."

"Mzee, tope ni tope."

"Mulago iko na lami mpaka mlango. Hii iko na maganda ya mayai. Wewe ulikaa kwa mtu wa chapati, ulitazama mpira."

Mkenya akacheka mpaka akashika ukuta, maana ilikuwa kweli tupu, hata timu iliyofungwa Mzee alikuwa ameshaijua. Mimi sikucheka. Nilitazama viatu vyangu nikajiuliza vimeshasema nini.

Hakuwa na mkubwa. Padri aliyesimamia nyumba yetu alipita getini kila siku ya Mungu, na kila siku alisimamishwa.

"Padri, jina."

"Mzee, si unanijua?"

"Jana nilikujua. Leo bado."

Padri alitaja jina lake kwa upole, kama anajibu liturujia. Alituambia mezani kwamba nyumba ya jirani imeibiwa mara nne na yetu hata kijiko hakijapotea. Sawa. Lakini kijiko hakina siri.

Yangu ilikuwa moja. Fomu ya kujiunga ilikuwa na swali: Je, una mtu anayekutegemea? Chama chetu hakikupokea mtu mwenye watoto au wazazi wa kulea, na sababu ilikuwa njema: mtu wa namna hiyo moyo wake unabaki nyumbani. Niliandika: Hapana. Wakati ule nilikuwa na watatu. Mama alikufa nikiwa kidato cha pili, baba alikuwa ametangulia, na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule wiki ya matanga, sikurudi tena. Niliwalea Agata, Filbert na Yustina miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo niliapa jambo moja tu, kwamba katika nyumba yetu hakuna mwingine atakayeacha shule. Halafu mama mdogo akahamia kwetu baada ya kuachika, akasema, "Vero, nenda popote, mimi nipo." Nami nilitaka kwenda. Sina jibu zuri kuliko hilo. Nilitaka, mara moja maishani, kuamka mahali ambapo sijui kuni ziko wapi.

Kwa hiyo nilimwogopa. Nilikuwa na hakika kwamba daftari lake lina ukurasa wangu, na kwamba siku moja utasomwa mbele ya Padri na nitapanda basi la kurudi. Niliona dalili kila mahali. Fomu zetu zilifungiwa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwake. Nikipiga simu nyumbani nyuma ya matangi ya maji, alipita na ufagio mahali ambapo hapakuwa na jani. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia, akanitazama nikikata mkate wangu.

"Tanzania."

"Naam, Mzee."

"Mkate yako unakata vipande nne."

"Ndivyo nilivyozoea."

"Unakula moja. Halafu unangoja kidogo. Halafu unakula ingine."

Beatrisi, Mkongo niliyelala naye chumba kimoja, akamwambia, "Mzee, mwache dada wa watu ale!" Mzee akaondoka. Mimi niliangalia vile vipande vitatu vilivyobaki kwenye sahani. Kwa miaka tisa nilikuwa nimekata mkate hivyo, na sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuliona.

Funguo zake zilikuwa kumi na moja kwenye pete ya chuma, kumi ndogo na mmoja mkubwa wa geti. Rozari hakuwa nayo. Jioni tulipokuwa tukisali ndani, yeye alisali kwenye benchi lake kwa zile funguo: kumi ndogo kwa Salamu Maria, ule mkubwa kwa Baba Yetu. Mara nyingine tulisimama katikati ya fumbo tukasikia chuma kikilia huko nje, kikituachia nafasi ya kumfikia.

Na kabla ya rozari, saa kumi na mbili kamili, alituhesabu. Tulipanga mstari uani tukitaka tusitake. Alitupitia mbele akigusa hewa kwa kidole, kisha nyuma, kisha mbele tena. Hakumwacha mtu yeyote asimame nyuma yake. Miaka ya gerezani ilikuwa imemfundisha hivyo, nadhani, na mwili wake haukujua kwamba amestaafu. Akimaliza alisema kwa sauti ya gwaride, "Ndani sita. Nje hakuna. Kamili," na kuandika kwenye daftari la pili, lililokaa mfukoni mwake.

Hiyo ilikuwa miezi ya kwanza. Sikumbuki ni jioni ipi alibadilisha. Nakumbuka tu kwamba tulitazamana.

"Ndani sita. Nje tatu. Kamili."

"Nje akina nani?" Mkenya akauliza.

"Hesabu haiulizwi," akajibu.

Ikawa mchezo wetu. Beatrisi alipobaki Mulago na mgonjwa, hesabu ilikuwa ndani tano, nje nne, kwa hiyo tulijua nje ni watu wetu walio mahali pengine. Lakini wale watatu? Mkenya alisema ni mbwa wa jirani. Beatrisi alisema ni Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, na kwamba hata wao hawatoki bila kuandikwa. Tulicheka sana. Moyoni niliamini ni watu wake, wanaotufuata mitaani na kumletea habari. Nilianza kugeuka nyuma nikitembea sokoni. Tabia yake ilikuwa imenihamia.

Nisimwonee. Mtu huyu aliyepekua mabegi yetu yote alikuwa pia anatia kitu humo. Ukitoka umechoka, unafika Mulago unafungua begi kutafuta leso, unakuta karanga za kukaanga zimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Ukimshukuru alikasirika. "Mimi nimetia? Umeniona?" Alishuku kila aliyepita mbele yake, lakini mtu wa chapati wa mkabala na geti aliwahi kufika kwake Luzira akasema mlango wa nyumba yake hauna hata komeo. Aliwaambia wageni, "Mtu akicheka kabla ya kuitwa, angalia mkono yake," na yeye mwenyewe nilimkuta mara moja anacheka peke yake, mgongo umenigeukia, kwa sababu paka alikuwa ameingia getini bila kutaja jina.

Na kila Ijumaa saa tano asubuhi alitoweka. Dereva wa Padri alishika zamu, Mzee akatoka na kifurushi kwapani, na alasiri alirudi bila kifurushi. Yeye aliyeandika safari za watu wote, safari yake haikuandikwa popote. Nililichungulia lile daftari la geti nikahakikisha.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mratibu wetu, sista kutoka makao makuu, kukaa nasi wiki nzima na kuzungumza na kila mmoja. Alifika Jumatatu. Baada ya mazungumzo hayo wengine huambiwa waendelee na wengine huambiwa warudi kwao. Jioni ile tulipanga mstari, Sista akitutazama kutoka barazani.

"Ndani sita," Mzee akasema. "Nje mbili. Kamili."

"Mmoja wa Utatu amechukua likizo," Beatrisi akaninong'oneza.

Jumatano mama mdogo alinipigia. Alikuwa analia, na mama mdogo si mtu wa kulia.

"Vero, Agata yuko kwako?"

"Kwangu wapi?"

"Ameondoka Ijumaa na nguo zake. Kaacha karatasi, anasema anakuja kwako Kampala, hataki tena shule, wadogo ndio wasome. Simu yake haipatikani."

Agata alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Nilikaa chini nyuma ya matangi ya maji. Kila kitu nilichokuwa nimefanya tangu mama afe kilikuwa kimesimama juu ya hicho kimoja, kwamba asitokee mwingine kama mimi, na sasa sikujua hata yuko nchi gani. Nikaenda getini.

"Mzee, kuna mtu amekuja kuniulizia? Msichana?"

Alikuwa anafuta ule ufunguo mkubwa kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. "Sijaona mtu."

Nilitoka nje nikasimama barabarani kama mwendawazimu. Mtu wa chapati akaniita bibie kwa Kiganda, kutoka mkabala.

"Nyabo Tanzania! Mudogo wako alifika salama?"

"Mdogo wangu yupi?"

"Wa Jumatatu. Munafanana kama hizi mayai yangu. Alikuja na kijana wa koti. Mzee alimufukuza kijana, akaenda na binti. Walipanda gari ya mujini."

Niligeuka. Kidirisha cha geti kilikuwa wazi na macho yake yalikuwa pale, yakinitazama. Kisha kikafungwa.

Sitaki kuandika yote niliyowaza siku mbili zile. Mzee mwenye funguo, msichana mgeni, kifurushi, Ijumaa zisizoandikwa, uongo machoni pangu. Ningekwenda kwa Padri, ningesema mdogo wangu ametekwa na mzee wako. Swali la kwanza lingekuwa: mdogo wako nani? Wewe si uliandika huna mtu? Sista alikuwa chumba cha pili. Naona aibu kuwaambia kwamba nilipima. Nilipima siku nzima ya Alhamisi, nikilisha wagonjwa uji, kati ya nafasi yangu na mdogo wangu. Alfajiri ya Ijumaa niliacha kupima. Niliamua nitakwenda kwanza kumwona kwa macho yangu, na kama simkuti, nitasimama mbele ya Sista niseme kila kitu na kisha polisi.

Saa nne nikamwambia aniandike Mulago. Akaandika. Nilishuka mjini kwa bodaboda, nikachukua gari la Luzira, nikangoja kwenye kibanda cha soda karibu na kituo. Hazikupita dakika arobaini, akashuka na kifurushi chake. Nilimwacha atangulie, nikamfuata.

Njia ilikuwa inateremka kuelekea ziwani, nyumba zikipungua. Tulikata kona moja, tukakata ya pili. Hapo akasimama. Hakugeuka.

"Tanzania."

Nikasimama nami.

"Daftari inasema uko Mulago."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Pita mbele. Mimi sitembei na mtu nyuma yangu."

Nilipita. Nilitembea mbele yake kama mfungwa, nikisikia funguo zikilia kila hatua, naye akitoa amri fupi, kushoto, nyoosha, hapo kwa mti ya papai kulia. Nilikuwa nimeokota jiwe, nimelificha kwenye khanga. Nilijiambia akinigusa nitampiga nalo usoni. Tukafika kwenye nyumba ndogo yenye mlango ulio wazi kabisa, pazia likipepea.

Ndani alikuwa ameketi mama mmoja mtu mzima, kavaa buibui, fimbo magotini, uso wa mtu aliyechoshwa na kungoja.

"Umenichelewesha tena," akamwambia. "Adhana wameshaadhini, mie nimekaa hapa kama mzigo." Kisha akaniona. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha watu ambao mababu zao walipanda kutoka pwani na bidhaa na hawakurudi. "Huyu ndiye Vero? Karibu mwanangu. Na hilo jiwe liweke nje, humu hatuli mawe."

Agata alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, anamenya njegere. Aliponiona alisimama, bakuli likamwagika. Nilimpiga kofi moja, kisha nikamshika nikashindwa kumwachia. Alinieleza huku analia. Kijana wa koti alikutana naye kwenye basi, akamsaidia mpakani, akamshikia simu asije akaibiwa, akamwahidi kazi ya ndani Uarabuni ambayo ingesomesha wadogo wote. Alikuwa amemleta kwangu aniage tu. Getini Mzee akamsukumia kijana daftari.

"Jina kwanza."

Kijana akacheka, akasema yeye ni msindikizaji tu.

"Msindikizaji iko na jina. Na hiyo simu ya binti iko na jina. Andika."

Kijana alirudisha simu bila kuambiwa, betri imekwisha, akaondoka. Alionekana tena jioni ile na kesho yake, akizunguka mtaani, ndiyo maana Mzee alimbakiza Agata Luzira.

Nilimgeukia. Alikuwa anafungua kifurushi mezani: mahindi ya kuchoma mawili na dawa ya kuchua mguu wa mke wake. Ndizo zilikuwa Ijumaa zake. Alikuwa anampeleka msikitini, amemshika mkono hadi mlango wa akina mama, anangoja nje kwenye kivuli na funguo zake, anamrudisha. Miaka yote.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Nimekuuliza, ukanidanganya!"

"Wewe sura yako inasema yote. Sista iko ndani ya nyumba. Ungekuja mbio kwa geti, ungelia, kila mtu angeuliza huyu nani. Nilisema Jumamosi Sista anaondoka, Jumamosi nakuambia."

"Siku mbili sijala, Mzee!"

"Najua. Nimeona sahani." Akakata hindi moja katikati. "Sasa wewe niambie. Kwa fomu uliandika nini?"

"Umesoma fomu yangu."

"Nimesoma ya kila mtu."

Hakuona haya hata kidogo. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kumshuku, na nilikuwa nimekosea kabisa, yote mawili kwa wakati mmoja. Sikujua nifanye nini na jambo la namna hiyo, wala leo sijui.

"Mimi nimefunga watu mingi," akasema. "Mtu anaficha kisu, sawa. Anaficha simu, sawa. Wewe unaficha watoto. Itatoka tu. Toa mwenyewe."

"Twende, sala inanipita," mke wake akasema, na akanyoosha mkono.

Jioni ile ile nilimwambia Sista. Alinisikiliza mikono yake ikiwa magotini, hakushtuka mahali popote nilipotegemea ashtuke. Mwishoni akasema, "Asante kwa kusema. Mdogo wako arudi shule. Wewe maliza muda wako, na kila mwaka utakwenda nyumbani kuwaona." Hakuuliza hata majina yao. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mtu asiyeuliza majina ama hajali, ama ameshaambiwa. Nilimuuliza Mzee kama ni yeye aliyesema. Akajibu, "Umeniona?"

Agata alirudi nyumbani Jumapili. Mzee alitupeleka kituo cha basi mwenyewe, akamwandika dereva, akamwandika kondakta, akaandika namba ya basi, kisha akawasomea kwa sauti mbele ya abiria wote ili wajue wanajulikana. Agata akaniambia dirishani, "Dada, huyu mtu kila usiku akirudi kwake alikuwa anatuhesabu, mimi na Mama. Wawili tu!"

Nilimaliza miaka yangu miwili nikarudi Sumbawanga. Agata alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi. Nilirudi Kampala mwaka jana, kwenye mkutano wa waliowahi kujitolea. Kwenye nyumba yetu nilikuta geti jipya na kijana wa kampuni ya ulinzi aliyeniambia karibu sana bila kuniuliza chochote. Nilihisi baridi. Nikaenda Luzira.

Mlango ulikuwa wazi vilevile. Mama alikuwa amepungua mwili, lakini alinijua kabla sijavua viatu. "Yeye hatakujua," akanitahadharisha. "Watu wamemtoka kichwani. Hata mimi asubuhi ananiuliza jina. Kilichobaki ni hesabu yake."

Mzee alikuwa amelala kidogo chumbani. Tulipokuwa tukimngoja, Mama alinitolea sanduku la yale madaftari ya hesabu, akaniambia nichague mwaka wangu, maana yeye hajui kusoma maandishi yale ya kiaskari. Nililipata. Nilikuwa nimeliogopa kwa miezi mingi, na halikuwa na neno hata moja juu yangu. Lilikuwa na tarehe na hesabu tu. Ndani sita, nje hakuna, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha, kwenye mwezi wa tatu tangu nifike: Ndani sita. Nje tatu. Pembeni, kwa herufi ndogo: *Mlango bluu*. Hivyo kila jioni, mpaka wiki ya Agata, ndani sita, nje mbili, kwa sababu mmoja alikuwa kwake, na huyo alimhesabu nyumbani. Jumapili ile aliyopanda basi, tatu tena.

Alitoka chumbani akiwa amevaa shati lenye vifungo vilivyopishana. Pete ya funguo ilikuwa mkononi, ingawa hapakuwa tena na mlango wa kufungua. Alinitazama kwa yale macho mekundu.

"Jina."

Nikalitaja. Akaliandika pole pole, akaniuliza tena, nikalitaja tena. Akaonyesha begi langu. Nikaliweka juu ya meza mwenyewe. Alitoa khanga, akatoa kifuko cha unga wa ulezi nilichowaletea, akaunusa, akatoa Biblia, akaishika mgongoni na kuitikisa. Picha ikaanguka. Ni mpya, imepigwa Krismasi, lakini mlango ni uleule, rangi imebabuka. Mikono yangu ilitaka kuiwahi. Niliizuia.

Aliinama kwa shida, akaiokota yeye.

"Hawa nani?"

"Wadogo zangu, Mzee," nikasema. "Nimewalea mimi. Huyu muuguzi, huyu fundi umeme, huyu mdogo bado yuko shule."

Aliwagusa kwa kidole mmoja mmoja, kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kisha kushoto tena. Akamtazama mke wake, akanitazama mimi, akajigusa kifuani. Ilikuwa bado saa kumi, lakini hakuna aliyemwambia.

"Ndani tatu," akasema kwa ile sauti ya gwaride. "Nje tatu. Kamili."

Akaandika. Akafunga daftari, akaweka funguo juu yake, akafuta kiganja kwenye suruali na kuninyooshea mkono.

"Haya," akasema. "Salamu."